Kabla ya Kuchimba Shimo la Taka, Tuulize Maji Yanaenda Wapi

Kila tukikaa mkutano wa kijiji kuzungumza juu ya mahali pa kutupa taka, swali linakuwa moja tu: ni mita ngapi kutoka kwenye pampu? Mtu mmoja anatembea, anahesabu hatua, akifika 30 au 40 anapiga jembe chini. Basi, imekwisha. Mwenyekiti anafunga mkutano kwa sala, kila mtu anarudi kwake.

Sisi vijana wa kujitolea tunasema swali hilo halitoshi. Swali la kwanza lilipaswa kuwa: hapa tulipo, maji ya chini ya ardhi yanaenda upande gani? La pili: yanaenda kwa mwendo gani? Haya maswali mawili yanajibika. Si lazima uwe na digrii, na kazi nyingi inafanyika kwa kamba, mrija na daftari. Tukiyaruka, mita 30 zinabaki namba ya kututuliza roho tu.

Fikiria pampu moja, na mashimo mawili ya taka. La kwanza liko mita 30 upande maji yanakotokea. La pili liko mita 30 upande maji yanakoelekea. Kwenye karatasi mashimo yote mawili ni sawa, yamefuata sheria. Lakini la kwanza linapeleka uchafu wake kwenye jerikani zetu, la pili linaupeleka mbali. Umbali ni uleule, mwelekeo ndio tofauti.

Kwa nini tunasumbuka na jambo hili? Arua mjini maji ya bomba yanatoka mto Enyau, yanasafishwa kabla ya kufika kwa watu. Sisi wa Rhino Camp, Imvepi na Lobule kule Koboko, pamoja na wenyeji tunaoishi nao, maji yetu mengi yanatoka ardhini. Ni pampu za mkono, na visima virefu vya mota ya sola vinavyojaza matanki. Hakuna mtambo mkubwa wa kusafisha kati ya ardhi na kikombe cha mtoto. Ardhi yenyewe ndiyo chujio letu. Ukiharibu chujio hiki, huendi dukani kununua kingine.

Na taka zetu si zile za zamani. Babu zetu walitupa maganda ya muhogo na majivu. Leo kwenye shimo utakuta kavera, chupa za dawa, nepi, betri za redio, betri za taa za sola zilizokufa, nguo, rangi. Mvua ikinyesha juu yake, maji yanapita katikati ya taka, yanatoka chini yakiwa meusi, yananuka. Sisi huwa tunayaita mchuzi wa taka. Mchuzi huu haukai shimoni. Unashuka polepole mpaka ukutane na maji ya ardhini, halafu unasafiri nayo.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanadhani maji ya chini yamekaa kama maji kwenye sufuria. Hayajakaa. Yanatembea, usiku na mchana, kutoka usawa wa juu kwenda usawa wa chini, mpaka yatokee kwenye chemchemi, kijito, bwawa au kisima cha mtu.

Sasa tuizungumzie hii mita 30. Inatoka kwenye kitabu cha viwango vya Sphere, ambacho mashirika yote ya misaada wanakijua. Kinasema choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji ya ardhini, na sehemu ya chini ya shimo iwe angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji. Ni kanuni nzuri, imeokoa watu. Lakini kitabu hichohicho kinasema kwenye mwamba wenye nyufa umbali uongezwe. Na West Nile yetu imekaa juu ya nini? Imekaa juu ya mwamba mkongwe mgumu. Juu yake kuna udongo na murram, chini yake kuna mwamba uliochakaa na kulainika, halafu mwamba wenyewe wenye nyufa. Visima vyetu virefu vinapata maji kwenye huo mwamba uliochakaa na kwenye nyufa hizo. Kwa hiyo onyo la kitabu linatuhusu sisi kabisa.

Jambo la pili: kanuni hiyo ilifikiriwa zaidi kwa ajili ya vijidudu vya chooni. Vijidudu vingi hufa vikikaa ardhini muda mrefu bila mwili wa mtu. Ndiyo maana Ujerumani, kwa mfano, wanalinda eneo lote ambalo maji yake yanahitaji siku 50 au pungufu kufika kisimani. Ukisafiri zaidi ya siku 50, vijidudu vingi vimekufa njiani. Lakini chumvi haifi. Naitreti haifi. Hizi zinatembea na maji siku 50, siku 500, bado zipo. Risasi na madini mengine ya betri hushikwa na udongo wa mfinyanzi na kuchelewa, lakini kuchelewa si kufa. Kwa hiyo shimo la taka si choo, tusilipime kwa kipimo cha choo peke yake.

Haya, maji yanaenda wapi? Njia ya zamani na rahisi ni ya visima vitatu. Unahitaji visima vitatu visivyo kwenye mstari mmoja, vyenye umbali wa kama mita 100 hadi 300 kati yao. Kwa kila kisima unapima vitu viwili.

Cha kwanza ni kina cha maji. Unashusha kamba iliyotiwa alama, yenye kitu kizito mwishoni, mpaka usikie imegusa maji. Pima alfajiri, kabla foleni ya jerikani haijaanza, kwa sababu kisima kinachovutwa usawa wake umeshuka kwa muda. Kamba ioshwe kwa maji ya klorini kabla ya kuingia kila kisima, tusije tukachafua tunachotaka kulinda. Kisima cha wazi ni rahisi. Pampu ya mkono inahitaji fundi wa pampu aifungue kichwa, na kamati ya maji iwe imekubali. Usifungue pampu ya watu kwa kujiamulia.

Cha pili ni urefu wa ardhi mdomoni mwa kisima. Hapa usitumie simu. GPS ya simu inaweza kukosea kwa mita kadhaa upande wa juu na chini, na sisi tunatafuta sentimita. Tumia mrija ule wa plastiki unaoonyesha maji ndani, ambao mafundi wa ujenzi wanautumia kusawazisha msingi. Unakwenda hatua kwa hatua kutoka kisima kimoja hadi kingine, unaandika tofauti. Ni kazi ya nusu siku kwa vijana wanne. Kisima cha kwanza unakipa namba yoyote, tuseme 100, vingine unavilinganisha nacho.

Tuchukue mfano wa kufundishia. Kisima A: ardhi iko 100, maji yako mita 8 chini, kwa hiyo usawa wa maji ni 92. Kisima B: ardhi 98.5, maji mita 8.5 chini, usawa ni 90. Kisima C: ardhi 97, maji mita 6 chini, usawa ni 91. Angalia vizuri hapo. Ardhi ya C ndiyo ya chini kuliko zote, lakini maji yake si ya chini kuliko yote. Mtu anayetumia macho peke yake angesema maji yanakimbilia C. Vipimo vinasema hapana, yanaelekea upande wa B.

Chora ramani ya visima hivyo vitatu kwenye karatasi ya mraba. Kati ya A (92) na B (90) kuna mahali ambapo usawa ni 91. Kama kutoka A hadi B ni mita 200, basi ni hapo katikati, mita 100. Unganisha hiyo alama na kisima C ambacho nacho ni 91. Mstari huo ni mstari wa usawa mmoja, maji hayatembei kuufuata. Yanaukata kwa pembe ya mraba, kutoka upande wa 92 kwenda upande wa 90. Chora mshale. Umemaliza. Huo mshale ndio tunaoutaka ubandikwe ukutani kabla ya jembe lolote.

Kwenye mwendo kuna hesabu kidogo, msikimbie. Mwaka 1856 mhandisi Mfaransa Henry Darcy, aliyeshughulikia maji ya mji wa Dijon, alichapisha majaribio yake ya kupitisha maji kwenye mchanga. Aliona kwamba maji yanapita haraka zaidi kama mteremko wa maji ni mkali, na kama udongo unapitisha maji kirahisi. Mpaka leo dunia nzima inatumia kanuni yake. Unazidisha uwezo wa udongo wa kupitisha maji kwa mteremko, halafu unagawanya kwa sehemu ya udongo ambayo ni nafasi wazi maji yanamopita.

Turudi kwenye mfano. Kutoka ule mstari wa 91 hadi kisima B, ukipima kwa pembe ya mraba, tuseme ni mita 80. Maji yameshuka mita 1 kwa mita 80, mteremko ni 0.0125. Tuseme udongo unapitisha mita 0.5 kwa siku, na nafasi wazi ni sehemu 0.1. Jibu ni mita 0.0625 kwa siku, yaani kama sentimita 6. Kwa mwaka ni karibu mita 23. Mita 30 zinamalizwa kwa siku 480, mwaka mmoja na miezi kama minne.

Lakini hapa lazima tuseme ukweli wote. Ile namba ya 0.5 ndiyo yenye mashaka. Udongo wa mfinyanzi unaweza kuwa mara 10 chini yake, mwamba uliovunjika vizuri mara 10 juu yake au zaidi. Ikiwa ni 0.05, maji yatachukua miaka kama 13 kufika mita 30. Ikiwa ni 5, yatafika kwa siku 48. Mahali pamoja, mteremko uleule, jibu linatoka siku 48 mpaka miaka 13! Na maji yakipata ufa mmoja mrefu ndani ya mwamba yanaweza kukimbia kuliko wastani wote huo.

Kwa hiyo mtu akikuambia “maji hapa yanaenda mita 23 kwa mwaka” bila kusema kutoka ngapi hadi ngapi, muulize tena. Mwelekeo tunaweza kuujua vizuri kiasi. Mwendo tunaujua kama kadirio, na kwa usalama wa watu tunachagua kadirio la haraka.

Namba ya uwezo wa udongo haitoki hewani. Kila kisima kirefu kikichimbwa, kampuni hufanya jaribio la kuvuta maji kwa saa nyingi na kuandika jinsi usawa ulivyoshuka na kurudi. Hapa Uganda mchimbaji anatakiwa awe na leseni ya serikali, na ripoti ya kisima ipelekwe kwa idara inayosimamia rasilimali za maji ya Wizara ya Maji na Mazingira. Ripoti hizo zina kina cha maji, aina ya mwamba, matokeo ya jaribio. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya tunachohitaji imeshalipiwa na imeshaandikwa. Iko kwenye makabati na kompyuta za watu. Kijijini haiko.

Kuna mambo mawili yanayoweza kugeuza mshale, na wafanyakazi wa mashirika wanayajua vizuri kuliko sisi. Moja ni msimu. Mwezi wa pili ardhi imekauka, mwezi wa kumi imeshiba mvua, usawa wa maji unapanda. Pima mara mbili, usitegemee siku moja. La pili ni mota za sola. Kisima kinachovuta maji mengi kutwa nzima kinavuta maji kutoka pande zote kuja kwake, hata kutoka upande ambao zamani maji yalikuwa yakiondoka. Shimo la taka lililokuwa salama mwaka ule wa pampu ya mkono linaweza kuwa hatari baada ya mota kufungwa. Kwa hiyo kila pampu ikibadilishwa kuwa mota, ramani ya mshale ipimwe upya.

Tunajua kuna watakaotujibu. Wa kwanza watasema visima vingi vinachafuka kutokea juu, si chini: sakafu imepasuka, maji ya mvua yanaingia, mbuzi wanakunywa palepale. Wana haki. Utafiti wa chemchemi za Kampala uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba uchafu wa vijidudu uliongezeka hasa baada ya mvua, ukiingia karibu na chemchemi zenyewe, kuliko kusafiri chini ya ardhi kutoka vyooni. Kwa hiyo tuzibe nyufa za sakafu, tuweke uzio, tuchimbe mfereji wa kuondoa maji. Hiyo ni kazi ya wiki hii. Lakini sakafu nzuri haizuii mchuzi wa betri unaokuja chini kwa chini. Kazi moja haifuti nyingine.

Wa pili watasema hiyo ni kazi ya wahandisi. Ndiyo, uamuzi wa mwisho ni wa wahandisi. Lakini mhandisi anakuja siku moja na gari, anaondoka jioni. Sisi tuko hapa mwezi wa pili na mwezi wa kumi. Nani atapima usawa wa maji mara mbili kwa mwaka kama si anayelala hapo?

Wa tatu watasema pesa hakuna, misaada inapungua. Hapo ndipo tunapokazia zaidi. Kamba, mrija na daftari si pesa nyingi. Kuchimba kisima kipya kwa sababu cha zamani kimeharibika, au kuleta maji kwa malori kama ilivyofanyika Bidi Bidi miaka ya mwanzo, hiyo ndiyo pesa.

Angalieni Kiteezi. Taka za Kampala zilimwagwa pale tangu 1996. Tarehe 10 Agosti 2024 ule mlima wa taka ukaporomoka, zaidi ya watu 30 wakafa. Taifa zima lilishtuka, na ilikuwa haki kushtuka. Lakini mlima ukiporomoka kila mtu anauona. Mchuzi unaotoka chini ya mlima hauna kamera. Na si kwamba hakuna aliyetazama: mwaka 2005 utafiti kuhusu athari za jalala hilohilo kwa mazingira yake ulikuwa umeshachapishwa, miaka 19 kabla ya maafa. Sisi mashimo yetu bado ni madogo. Huu ndio wakati wa kupima, kabla hayajawa milima.

Kuna jambo moja zaidi, na ni zito. Maji ya ardhini hayajui mpaka wa makazi ya wakimbizi na kijiji cha wenyeji. Ardhi tunayoishi tulipewa na wenyeji, Walugbara, Wakakwa na wengine. Mshale ukitoka kwenye shimo letu ukaelekea kisima chao, tutakuwa tumewalipa nini kwa ukarimu wao? Na ukitoka kwenye taka za soko lao ukaelekea pampu yetu, tutaongea nao kwa ushahidi gani? Ramani yenye mshale inatufanya tukae mezani bila kurushiana maneno. Kila mtu anaona karatasi moja.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne, kwa RWC, kwa wenyeviti wa LC, kwa kamati za maji na kwa mashirika.

Kwanza, kusiwe na shimo la taka la jumuiya wala kisima kipya bila mshale kuonyeshwa mkutanoni, kwa lugha ambazo watu wanasikia: Kikakwa, Kilugbara, Kiarabu cha Juba, Kiswahili.

Pili, kila kamati ya maji ipewe nakala ya ripoti ya kisima chake. Ni maji yao, ni haki yao.

Tatu, kila zoni iwe na vijana wawili, mmoja mkimbizi na mmoja mwenyeji, wafundishwe kupima usawa wa maji mwezi wa pili na wa kumi. Wapewe pia kile kifaa kidogo cha mkononi kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Chumvi ikiongezeka kwenye maji, namba inapanda. Kisima kilicho upande wa mshale kikianza kupanda mwezi baada ya mwezi, hiyo ni kengele. Sampuli ipelekwe maabara kabla watu hawajaanza kuugua.

Nne, betri zitengwe. Ndoo moja yenye mfuniko kwenye kila kituo cha kuchajia simu inatosha kuanzia. Betri ambayo haijaingia shimoni haina mchuzi wa kutupeleka popote.

Mashimo ambayo tayari yapo hatusemi yafukuliwe yote kesho. Tunasema yapimwe. Lililo upande mbaya lifungwe, lifunikwe kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa ili mvua isipite, na taka mpya zihamie upande wa chini wa mshale, ambako mbele yake hakuna kisima cha mtu yeyote, wetu wala wa jirani.

Kama zoni yako ina visima vitatu na kuna mtu mwenye mrija wa fundi, mnaweza kuanza. Ombeni ruhusa ya kamati, mkubaliane siku, muandike tarehe na saa kwenye daftari. Karatasi ya mraba na hesabu tutawasaidia, tupeni ujumbe tu. Kiangazi ndio wakati mzuri wa kipimo cha kwanza, maji yakiwa chini na njia zikiwa kavu.